Amwimbiaye Mwenye Huzuni

Tafakari ya wiki
Somo: 1 Samweli 16:14–23, Mithali 25:20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sauli alipofadhaishwa na roho mbaya, watumishi wake hawakumtafutia tabibu. Walimshauri aletewe mtu ajuaye kupiga kinubi. Daudi akatolewa malishoni Bethlehemu, akapiga kwa mkono wake, na Sauli akaburudishwa, akawa hajambo. Angalieni kwamba hatuambiwi Daudi aliimba maneno gani, wala hatuambiwi kama aliimba. Zilikuwa nyuzi na vidole tu, na mfalme mzima akatulia.

Sisi wa Nairobi hilo halitushangazi. Panda matatu ya Barabara ya Jogoo jioni, spika za besi zikiwa chini ya viti: hata hujatambua ni wimbo gani, goti limeshaanza kuitikia mdundo. Mwili haungoji kuulizwa. Mapigo ya haraka huuamsha, ya polepole huutuliza, ndiyo maana mama anayembembeleza mtoto huimba chini na taratibu. Na sisi Wakenya tunao ushahidi wa pekee. Mahadhi ya wimbo wetu wa taifa, ulioandaliwa mwaka 1963, yalitokana na wimbo ambao akina mama Wapokomo wa Mto Tana waliwaimbia watoto wao. Kila tunaposimama kumwomba Mungu aibariki nchi hii, sala yetu inapanda kwa sauti ya mama anayebembeleza. Mimi jambo hilo hunigusa kila sikukuu ya taifa.

Utamu wa wimbo unatoka wapi? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, waliwachunguza watu waliokuwa wakisikiliza muziki wanaoupenda hadi kusisimka mwili. Waliona ubongo ukitoa dopamini, kemikali inayohusika na raha, na haikutoka pale kwenye kilele tu. Ilianza kutoka mapema, msikilizaji akiwa bado anakingojea kilele hicho.

Aliyewahi kuimba kwaya analijua hilo bila maabara. Kiongozi anaanzisha peke yake, anavuta neno la mwisho, kayamba inatetema kidogo, na kanisa zima limeshika pumzi kwa kuwa linajua kiitikio kinakuja. Kisha kinaingia: besi chini, soprano juu, tenor na alto katikati. Kingekuja vilevile kila mara tungechoka. Mwanzishi hodari hukichelewesha, au huchomeka neno ambalo hatukulitarajia, tukashtuka, ndipo akatupa tulichokuwa tunakingojea. Zaburi ya 136 imejengwa hivyo. Ina mistari 26, na kila mmoja unajibiwa kwamba fadhili zake ni za milele. Ukiisoma kimya kimya utaona marudio. Iimbeni, mmoja akitaja na wengine wakijibu, na mkifika kwa Farao na jeshi lake katika Bahari ya Shamu jibu litakuwa linatoka lenyewe. Naamini Israeli walifundishwa kutumaini kwa njia hiyo pia, kwa kuzoea kwamba jibu halikosi kuja.

Lakini someni mbele, sura ya 18. Daudi anapiga kinubi kama siku zote, na Sauli ana mkuki mkononi. Anautupa ili ampigilie Daudi ukutani. Kinubi ni kilekile na mpigaji ni yuleyule! Muziki ulimtuliza Sauli jioni nyingi, ila wivu haukuondoka, kwa sababu wivu ulihitaji toba. Kusisimka katika ibada ni zawadi, na asitokee mtu wa kumdharau aliyelia wakati wa kuabudu. Tusiuhesabu msisimko huo kuwa ndio kugeuka moyo. Augustino, askofu wa Hippo na Mwafrika mwenzetu, alilia sana kwa nyimbo za kanisa la Milano alipobatizwa mwaka 387. Miaka baadaye alihuzunika kila alipojikuta ameguswa na sauti kuliko na lile lililokuwa likiimbwa. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe kanisani, nami naungana naye kwa yote mawili.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu wiki hii. Mithali 25:20 inamlinganisha amwimbiaye nyimbo mwenye huzuni na avuaye nguo wakati wa baridi, tena na siki juu ya magadi. Magadi tunayajua, ziwa lake liko hapo Kajiado, na wengi wetu tumeyatia kwenye mboga za kienyeji. Yamwagie siki uone yanavyofoka na kutoa povu. Yakitulia, siki imepoteza ukali na magadi yamepoteza nguvu. Ibada inaweza kuwa hivyo kwa mjane aliyemzika mumewe Lang'ata siku ya Alhamisi, akaja kanisani Jumapili, akaambiwa aruke, apige makofi, amgeukie jirani na kutabasamu. Povu limejaa, naye anarudi nyumbani mtupu kuliko alivyokuja.

Nasema haya kwa upendo kwa timu zetu za sifa, maana kazi yao ni nzito na wengi huifanya baada ya wiki ndefu ya kutafuta riziki. Tumezoea kuanza na sifa za haraka, kisha kuabudu polepole, kisha neno. Aliyekuja na furaha anafaidika. Kitabu cha Zaburi, hata hivyo, hakimlazimishi kila mtu aanzie hapo. Zaidi ya theluthi moja ya zaburi ni maombolezo, na ile ya 88 inaishia gizani bila neno moja la ushindi. Nayo ilikuwa ya kuimbwa. Juu yake imeandikwa kuwa ni wimbo wa wana wa Kora, kwa mwimbishaji. Roho Mtakatifu aliona tunauhitaji.

Mwenye majonzi akitafuta wimbo wa majonzi, msimkemee kana kwamba amekosa imani. Wimbo huo unalia pamoja naye, kama Warumi 12:15 inavyotuagiza sisi tufanye. Katika Zaburi ya 42 na ya 43 mwimbaji anaiuliza nafsi yake kwa nini inainama, anaiambia imtumaini Mungu, na kiitikio hicho kinarudi mara tatu. Katikati ya marudio hayo kilio hakijakatika. Anajiimbia tumaini machozi yakiwa bado ni chakula chake mchana na usiku.

Jumatano jioni tunakwenda Kayole kwa maombi ya familia iliyofiwa. Nimezungumza na viongozi wa kwaya. Tutaanza bila kinanda, kwa wimbo atakaouchagua mama mfiwa mwenyewe, kisha tutasoma Zaburi ya 42 kwa kupokezana, msomaji akitoa mistari na sisi sote tukiitikia. Kayamba zije. Zitapigwa akiomba yeye.