Kutoka damu ya usiku hadi saa ya seli

Mnaoniuliza nilifikaje kwenye utafiti wa saa ya seli, yaani utaratibu wa ndani ya seli unaofuata mzunguko wa takriban saa 24: ni matende. Nikiwa maabara mkoani Lindi tulipima damu za wanakijiji usiku wa manane, maana viluwiluwi vya minyoo inayosababisha ugonjwa huo hujaa usiku kwenye damu ya pembeni, ile ya karibu na ngozi. Mchana hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Kiumbe kisicho na macho kinajuaje saa?

Swali hilo likanirudisha chuo. Huko nikakutana na kazi ya watafiti Konopka na Benzer ya 1971: aina tatu za nzi wa matunda wenye hitilafu kwenye jeni ileile. Aina moja mzunguko wake wa siku ulikuwa saa 19, nyingine 28, ya tatu haina mpangilio kabisa. Nilisoma ukurasa ule mpaka nikaukariri.

Sasa nakuza seli za ngozi kwenye visahani. Tunazipandikiza jeni ya kimulimuli zing'ae, kamera inapima mwanga. Unapanda, unashuka, kila baada ya takriban saa 24, gizani, bila jua wala ubongo. Jamani, inapendeza!

Mlioko maabara za wilaya mnaotaka kuomba uzamili, niandikieni. Nitawasomea barua zenu za maombi.