Chumvi ndiyo iliyotukalisha hadi jioni

Juzi tulikutana wahifadhi wa makumbusho hapa Fort Jesus, Mombasa. Hotuba za ufunguzi sizisimulii, mnazijua. Uhondo ulianza mezani, penye vigae vya mtungi. Chombo kilichokaa baharini, kama vile vya Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, kimeshiba chumvi. Ukikikausha haraka, chumvi inageuka fuwele ndani ya udongo na kubandua ule mng'aro wa juu. Kwa hiyo unakiloweka kwenye maji matamu, unayabadilisha, unapima, unabadilisha tena.

“Maji gani?” akauliza dada mmoja wa Lamu. “Visima vyetu vyenyewe vina chumvi!”

Hapo ndipo ubishi wa maji ya mvua ulipoanza.