Medali, leseni ya uwakili na rundo la fomu

Kila baada ya miaka miwili, viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi la Marekani vinapogombewa, huibuka mgombea wa sampuli ileile: aliwahi kuvaa sare, akatoka jeshini, akasomea sheria, na sasa anataka kwenda Washington. Vyama vyote viwili vinampenda. Picha zake zinavutia, kuongea mbele ya watu si shida kwake, na si rahisi mtu asimame jukwaani amwambie kwamba haipendi nchi yake. Mapema miaka ya 1970 zaidi ya asilimia 70 ya wajumbe wa Kongresi walikuwa wamepitia jeshini. Leo hawafiki asilimia 20. Wasifu huo umeadimika, na kilichoadimika hupanda bei.

Leo nauwazia upande wake wa pili. Mgombea huyu hauzi sera kwanza, anauza maisha yake. Na maisha hayo, ya kambini na ya mahakamani, yako kwenye makaratasi ambayo watu wengine nao wanaweza kuyasoma. Kampeni nyingi huanza kwa kurekodi video. Mimi ningeanzia kwenye kabati la mafaili.

Karatasi ya kwanza kutafutwa ni DD 214, hati anayopewa askari akimaliza utumishi. Ina visanduku vyenye nambari: 4a ni cheo, 11 ni kazi aliyofunzwa, 12 ni tarehe na muda wa utumishi pamoja na muda aliokaa nje ya nchi, 13 ni medali na nishani, 24 ni namna alivyoagwa, kwa heshima au vinginevyo. Hutolewa kwa nakala kadhaa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Nakala ya Member 1 ni fupi, kisanduku cha 24 hakimo. Ndefu ni ya Member 4. Ukimkabidhi mwandishi wa habari ile fupi, hata kwa nia njema kabisa, swali litakalofuata ni kwamba unaficha nini. Aliyetumikia kwenye Walinzi wa Taifa ana fomu nyingine, NGB 22. Aliyepoteza zake huandika kwa kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichopo St. Louis, Missouri, kwa fomu SF 180 au kupitia mtandao, na ni vizuri aombe faili zima badala ya hati moja. Kosa lililomo kwenye fomu halifutwi kwa kalamu: husahihishwa kwa hati nyingine, DD 215.

Kabla ya kuichapisha hati hiyo, namba ya hifadhi ya jamii lazima ifichwe. Katika fomu za zamani iko kisanduku cha 3. Kuifunika kwa mstari mweusi ndani ya faili la kompyuta hakutoshi, maana mara nyingi maandishi yanabaki chini ya huo mstari na mtu anaweza kuyanakili. Chapisha karatasi, paka wino mweusi, kisha uiskani upya. Ni kazi ya dakika tano.

Faili zima linahitajika kwa sababu wapekuzi wa upande wa pili hawahitaji ruhusa ya mgombea ili kupata mambo ya msingi: sheria ya uhuru wa habari inawapa jina, cheo, tarehe za utumishi, vituo na nishani. Yaliyobaki yanalindwa, ingawa ulinzi huo nao una matundu: mwaka 2023 Jeshi la Anga lilikiri kwamba lilitoa isivyo halali kumbukumbu za watu kadhaa, wakiwemo wagombea. Kama kuna karipio la zamani au kesi ya kambini iliyomalizwa kimyakimya, mwanasheria wa kampeni aijue mapema. Mficha uchi hazai.

Faili likishapatikana, kazi yenyewe ni ya kuchosha: chukua kila sentensi inayotaja jeshi, kwenye tovuti, kwenye vipeperushi, kwenye hotuba za zamani, hata kwenye utambulisho uliosomwa na mshereheshaji wa hafla fulani miaka kumi iliyopita, na uilinganishe na kisanduku chake. Sentensi isiyo na kisanduku inaondoka. Mwaka 2010 wanasheria wawili waliopitia jeshini, wote wakiwania Seneti, walikwama hapohapo. Richard Blumenthal wa Connecticut alikuwa mwanajeshi wa akiba wa Marine wakati wa vita vya Vietnam lakini hakwenda huko. Hotuba zake kadhaa zilikuwa zimewaacha wasikilizaji wakiamini kwamba alikwenda. Mark Kirk wa Illinois, ofisa wa akiba wa Jeshi la Majini, alikuwa amejitaja kuwa mshindi wa tuzo ambayo ukweli wake ilipewa kikosi kizima. Wote wawili walishinda, lakini baada ya wiki nyingi za kujieleza badala ya kuomba kura. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Tim Walz, mgombea wa umakamu wa rais, safari hii kwa cheo: alikuwa ameshika nafasi ya command sergeant major, ila kwa hesabu za pensheni alistaafu akiwa master sergeant kwa kuwa hakumaliza kozi iliyotakiwa. Kwa raia wa kawaida tofauti hiyo ni ya kipuuzi. Kwa askari mstaafu aliyekaa mstari wa tatu kwenye mkutano, si ya kipuuzi hata kidogo.

Kisheria, kudanganya tu kuhusu medali si kosa la jinai. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2012 katika kesi ya Alvarez, na sheria mpya ya 2013 inamshika anayedanganya ili apate fedha, mali au faida nyingine inayoshikika. Mpiga kura hasubiri mahakama, bila shaka. Kama kuna mfano wa kuiga, basi ni Abraham Lincoln, nahodha wa wanamgambo katika vita vya Black Hawk mwaka 1832, kisha wakili, kisha mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kuanzia 1847. Mwaka 1848, ndani ya Baraza, aliufanyia mzaha utumishi wake mwenyewe, akisema mapambano yake ya damu yalikuwa na mbu. Hakuna mpekuzi wa kumwezea mtu wa namna hiyo.

Picha ya sare ina kanuni zake. Agizo la Wizara ya Ulinzi nambari 1344.10 linamzuia aliyeko kwenye utumishi kamili kufanya kampeni. Wa akiba asiyeitwa kazini, pamoja na mstaafu, wanaruhusiwa kutumia cheo na picha za sare, mradi waseme wazi kwamba ni wa akiba au wamestaafu, picha iambatane na habari nyingine za maisha ya uraiani, na kuwe na tamko linaloonekana vizuri kwamba Wizara haimuungi mkono mgombea. Sare isiwe ndiyo picha kuu ya tangazo. Hapa kosa huwa la mbunifu wa michoro, si la mgombea: tamko linapachikwa chini kwa herufi za kijivu zisizosomeka kwenye simu, au picha inakatwa itoshee mraba wa mtandao wa kijamii na tamko linakatwa nalo. Dawa ni kulichoma tamko ndani ya picha yenyewe, juu ya mkato wowote utakaokuja.

Sasa uwakili. Kama ni mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho, Hatch Act ya 1939 haimpi nafasi ya kujadiliana: mfanyakazi wa shirikisho hawezi kugombea katika uchaguzi wa vyama akiwa bado kazini. Anajiuzulu kwanza, na hiyo si likizo. Wa serikali ya jimbo au mji yuko huru zaidi tangu marekebisho ya 2012. Anayezuiwa na sheria hiyo ni yule ambaye mshahara wake wote unatoka kwenye fedha za shirikisho.

Wakili wa kampuni binafsi ana mtego mwingine, na huu nauona mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele. Ofisi ipo, mashine ya kunakili ipo, katibu yupo, na kila mtu pale anamtakia heri. Kampuni iliyosajiliwa kama shirika hairuhusiwi kabisa kumchangia mgombea wa shirikisho, na matumizi ya vifaa vyake ni mchango. Kanuni inawapa wafanyakazi wanaojitolea nafasi ndogo, saa moja kwa wiki au nne kwa mwezi. Zaidi ya hapo gharama irudishwe. Mshahara nao: wakiendelea kumlipa kamili huku kutwa yuko barabarani akibisha hodi, wanachomlipa si ujira tena, ni mchango. Alipwe kwa saa alizofanya kazi kweli, na jedwali la saa litunzwe. Kwa bahati, tangu Machi 2024 kampeni inaweza kumlipa mgombea wake. Kikomo ni kile kilicho kidogo kati ya nusu ya mshahara wa mjumbe, yaani dola 87,000 kwa mwaka, na wastani wa mapato yake ya kazi ya miaka mitano iliyopita. Kipato cha kazi nyingine hukatwa humo.

Halafu wateja. Mgombea huwasilisha kwa karani wa Baraza taarifa ya mali na mapato, ndani ya siku 30 tangu awe mgombea kisheria au kufikia Mei 15, kutegemea ipi inakuja baadaye, ila isipungue siku 30 kabla ya uchaguzi. Fomu inauliza nani alimlipa zaidi ya dola 5,000 kwa huduma zake katika miaka ya karibuni. Siri ya wakili na mteja inaweza kulinda baadhi ya majina, lakini si la kuamuliwa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho: kila mteja apitiwe mmoja mmoja. Kuchelewa zaidi ya siku 30 ni faini ya dola 200, na kichwa cha habari ambacho hakilipiki kwa dola 200.

Fedha za kampeni zina saa yake. Mtu anakuwa mgombea pale anapopokea au kutumia zaidi ya dola 5,000. Kuanzia hapo ana siku 15 za kujaza Fomu 2 ya FEC, tume ya uchaguzi ya shirikisho, na kamati yake siku 10 za kujaza Fomu 1 yenye jina la mweka hazina na benki. Bila mweka hazina hakuna senti inayopokelewa wala kutoka. Kwa 2025 na 2026 mtu mmoja anaweza kutoa dola 3,500 kwa kila uchaguzi, na mchujo huhesabiwa peke yake. Aliyetoa 7,000 kwa mkupuo ametoa za mchujo na za uchaguzi mkuu. Mgombea akianguka kwenye mchujo, zile za pili zirudishwe, kwa hiyo asizile. Fedha taslimu zaidi ya dola 100 kwa mtu mmoja hazipokelewi. Na siku 20 za mwisho, mchango wa dola 1,000 au zaidi utangazwe ndani ya saa 48. Hapa ndipo kampeni za watu waliochoka hukosea sana.

Kupata jina kwenye karatasi ya kura hutegemea jimbo. Texas unalipa dola 3,125 kwa kiti cha Baraza. Pennsylvania inataka sahihi 1,000 za wanachama wa chama chako wanaoishi ndani ya wilaya hiyo ya uchaguzi, zilizokusanywa katika wiki chache, na mpinzani ana siku saba za kuzipinga mahakamani. Ningekusanya mara mbili. Mgombea wakili hupenda kujitetea mwenyewe kwenye pingamizi hizo, na ningemnyang'anya faili mkononi: kesi za sahihi zina mawakili wao, wanaojua mwandiko wa karani kuliko sheria ya vita.

Akishinda, ana tangu Novemba hadi Januari 3 kuifunga ofisi. Mjumbe haruhusiwi kulipwa kwa uwakili wala kwa kazi nyingine ya namna hiyo. Malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika kabla ya kiapo ni jambo moja. Mgawo wa kesi za malipo ya ushindi ambazo wenzake watazimaliza mwakani ni jambo jingine, na thamani ya sehemu yake ikadiriwe kwa maandishi kabla hajaapa. Wateja wajulishwe, mafaili yakabidhiwe, fedha zao zilizo kwenye akaunti ya amana zirudishwe au zihamishwe kwa idhini yao. Kampuni nayo haitaruhusiwa kuendelea kutumia jina lake, kwa hiyo kibao cha mlangoni, barua na tovuti vibadilishwe kabla ya siku hiyo.