Waya wa gitaa nilioutengeneza mwenyewe

Mimi hupiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisa letu hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nyaya za bei nafuu za kuunganisha gitaa na amplifaya zilinitesa. Jeki zake, yaani vile vichwa vya kuchomeka, hufunikwa kwa plastiki isiyofunguka, hivyo uzi ukikatika ndani huna la kufanya ila kuutupa waya wote na kununua mwingine. Nilipochoka nikaamua kutengeneza wangu.

Ushauri wa kwanza ulinipotosha kabisa. Fundi redio mmoja aliniambia, "Kaka, waya ni waya tu, chukua huo wa spika." Nilimwamini, na ibada ilipoanza mvumo wa umeme uliwafunika hata waimbaji wa sauti ya nne. Ishara inayokwenda kwenye spika imekwisha kukuzwa na amplifaya, lakini ile inayotoka kwenye gitaa ni dhaifu mno, na bila kinga ya shaba kuuzunguka uzi wa kati, waya hunasa ule mtetemo wa hezi 50 (mara hamsini kwa sekunde) wa umeme wa nyumbani. Mtu anayekaa na vyombo vya muziki kila siku hakupaswa kunishauri vile.

Mwingine akanielekeza kwenye waya wa antena ya televisheni, kwa kuwa una kinga. Ule nilioununua ulikuwa na kinga ya alumini, na risasi ya kulehemu iliteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgimbi. Isitoshe, uzi wake wa kati ni mmoja na mgumu, haufai kitu kinachokunjwa na kukunjuliwa kila Jumapili.

Mwishowe nilikwenda Kariakoo nikanunua mita sita za waya halisi wa gitaa na jeki mbili za chuma zinazofunguka. Vyote pamoja na risasi vilinigharimu kama elfu thelathini na kitu. Sikuchukua zaidi ya mita sita, kwa sababu kadiri waya unavyorefuka ndivyo unavyopunguza sauti kali za juu. Nililehemu usiku uleule, nikachomeka, na mvumo haukuwapo. Lakini sauti ya besi ilikuwa imefifia, kana kwamba amplifaya imefunikwa blanketi.

Kwa siku tatu nilirudia kulehemu bila mafanikio. Siku ya nne nikaazima mita ya kupimia umeme, nikaweka kijiti chake kimoja kwenye ncha ya jeki na kingine kwenye shina lake, mahali ambapo umeme haupaswi kupita hata kidogo. Ilisoma omu (kipimo cha ukinzani) elfu kadhaa, maana yake umeme kidogo ulikuwa ukipita. Nikaukata waya na kuutazama karibu na taa: chini ya nyuzi za shaba palikuwa na ngozi nyeusi, nyembamba na laini, ambayo nilikuwa nimeidhani sehemu ya ganda la kawaida. Kumbe plastiki ile hupitisha umeme, nayo huwekwa makusudi ili waya usitoe mkwaruzo unapokanyagwa au kuburutwa. Mimi nilikuwa nimeiacha ikagusa uzi wa kati, na sehemu ya ishara ilikuwa ikivujia kwenye kinga. Niliibandua kwa ukucha kiasi cha nusu sentimita, nikalehemu upya, na besi ikarudi nzima, na furaha niliyoipata usiku ule siwezi kuieleza.

Kitu kingine kilichonisaidia ni tundu la jeki nililolitoa kwenye amplifaya mbovu na kulifunga kwenye kipande cha ubao. Jeki ikichomekwa humo haichezi, na mikono yote miwili hubaki huru kwa pasi ya kulehemu na risasi. Kumbuka tu kuupitisha waya kwenye kifuniko cha jeki kabla ya kulehemu.

Waya huo sasa uko katika mwaka wake wa pili, na mpiga kinanda wetu ameniomba nimtengenezee nyaya mbili. Kabla ya kumkabidhi huzikunja karibu na jeki huku mita ikiwa imeunganishwa, na namba ikiruka hata mara moja, ninafungua na kulehemu tena.