Nguva wa Mto Kongo anavyokufa wavuni

Mtu wa Goma aliyewahi kufika Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward, amezoea kuona viboko, kwa hiyo akisikia habari za nguva anadhani ni ndugu ya kiboko. Sivyo. Nguva, au lamantini, ana undugu na tembo na pimbi. Katika Ziwa Kivu hayumo. Hapa nchini Kongo (DRC) anaishi mbali, Mto Kongo unapoingia baharini, kwenye mikoko ya Muanda na Banana, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1992 na inayosimamiwa na ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi mazingira asilia.

Urefu wake ni mita 3 hivi, na uzito unaweza kukaribia kilo 500. Chakula chake hasa ni majani, na majani ya majini yana mchanga unaochakaza meno. Kwa hiyo magego yake husogea polepole kutoka nyuma kwenda mbele: la mbele likichakaa linadondoka, la nyuma linashika nafasi.

Pumzi ndiyo inayomponza. Anavuta hewa puani kama sisi, huibuka kila baada ya dakika chache, na akitulia sana hukaa chini dakika 15 hivi. Akinaswa na wavu wa nailoni anajizungusha, nyuzi zinamkaza, anakufa maji. Wavu ulioachwa usiku kucha bila mlinzi ndio mbaya zaidi.

Wapo pia wanaomuwinda kwa nyama, ingawa tangu 2013 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hasara yake ni kubwa mno: mimba huchukua karibu miezi 13, mtoto huwa mmoja, naye hunyonya mwaka mmoja au zaidi. Ukiua mama anayenyonyesha, umeua wawili. Mikoko nayo inakatwa kwa makala ya kupikia, na maficho yake yanapungua.

Mvuvi akimkuta hai wavuni, kwanza ainue pua juu ya maji. Kisha akate nyuzi kwa kisu kuanzia kichwani. Asivute wavu wala asimburute kwa mkia au mapezi. Akiwa nchi kavu, afunikwe nguo mbichi, na maji yasimwagwe puani. Mtoto asitenganishwe na mama. Waachiliwe pamoja penye maji matulivu, mbali na nyavu nyingine, na walinzi wa hifadhi wapewe habari ya mahali, saa na majeraha yaliyoonekana.