Tope la Gazi
Jana nimetoka Gazi, Kwale, tope mpaka magotini. Kandambili moja nimeiacha huko, bahari ichukue. Nilidhani kupanda mkoko ni kuchimba mashimo. Kumbe lile tunda lake refu kama ganda la mlonge unalidunga tu topeni, ncha chini, maji yakishakupwa. Mama mmoja aliniona nimelidunga kichwa chini miguu juu, akacheka: "Mwanangu, huo utaota kwenda kuzimu!"

Watu wa Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, mradi wao ulioanza 2013, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni yake, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inafyonza. Pesa hizo zimeleta maji na vitabu vya shule. Mvuvi, mtafiti, mama mboga, wote tope moja. Kiuno bado kinauma jamani.