Maji ya miguu ya Rama

Jumamosi usiku, Mombasa. Zimebaki wiki tatu sikukuu ya Wahindu ya Navaratri ianze, na leo mazoezi yote ya Ramlila, mchezo wetu wa maisha ya Rama, Mungu katika umbo la mwanadamu, yameishia kwenye onyesho moja. Kevat, mwenye dau, anakataa kumvusha Rama mto Ganges mpaka amwoshe miguu. Amesikia kuwa vumbi la miguu hiyo liligeuza jiwe kuwa mwanamke. Dau lake ni la mbao, laini kuliko jiwe, litapona wapi? Nalo likigeuka, wanawe watakula nini?

Kevat wetu ana miaka 11, na kila akifika hapo wenzake huangua kicheko. Kicheko sikukizuia. Hata katika utenzi wa mshairi Tulsidas, Rama mwenyewe anacheka, akiwatazama mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana. Lakini anacheka kwa sababu ameyasikia mapenzi ndani ya maneno yale ya kupindapinda, na mapenzi hayo ndiyo niliyoyakosa kwa kijana wangu wiki nzima. Nimemweleza, nimemwigizia, nimemrudisha mwanzo mara sijui ngapi.

Leo nikatia maji kwenye sinia la shaba. Siku zote tulikuwa tunaosha kwa hewa tu.

Rama wetu alikuwa ametoka kucheza mpira, miguu imejaa vumbi mpaka kwenye vifundo. Kevat akapiga magoti, akaanza kusugua. Akapitisha kidole katikati ya vidole, kimoja kimoja, taratibu, na maneno yote yakamtoka kichwani. Sikumkumbusha. Ukumbi ukanyamaza hata nikasikia feni.

Ba mmoja, yaani bibi, ambaye hutuletea chai, aliinuka kwenye kiti chake. Akachovya ncha za vidole kwenye maji yale yaliyochafuka, akajigusa machoni.

Huko Ramnagar, India, ng'ambo ya mto kutoka Varanasi, ambako Ramlila huchezwa takriban mwezi mzima bila kipaza sauti, mtoto akishavishwa taji huhesabiwa kuwa ndiye Mungu, na wazee humwinamia. Niliwasimulia watoto habari hizo siku ya kwanza. Sikujua nani alizishika.

Rama akavuta miguu yake kwa hofu. "Masi," yaani mama mdogo, akaniambia, "mbona mimi sijavaa taji bado?"

Nilikuwa natafuta jibu. Ba akamwekea mkono gotini, akamwambia kwa Kigujarati: "Tulia, mwanangu, maji yasimwagike."